Mzee Kipaza na Mikunga Wake Waoga

Siku ambayo fundi vioo aliwaona kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi kwenye kigoda sebuleni kwa watu, magoti yamekaribia kidevu, amelikazia macho gazeti. Hakuwa akisoma. Gazeti lilikuwa limetandikwa sakafuni chini ya kona ya tangi la kioo, na kazi yake ilikuwa kungoja aone kama litalowa. Juzi yake maji yalikuwa yamepunguzwa mpaka nusu, kona iliyokuwa ikivuja ikakaushwa na kuzibwa kwa silikoni. Leo maji yalikuwa yamerudishwa, na fundi anayejiheshimu haondoki hapo. Anakaa, anangoja tone. Likija, anaanza upya. Lisipokuja, anakusanya vifaa vyake na kuaga.

Mafundi wengine hungoja huku wakipiga soga na wenye nyumba. Huyu alikuwa mzito wa ulimi tangu utoto. Alikuwa amefikia umri wa kuitwa baba na watu wasiomjua, na bado mtu akimsalimia ghafla barabarani, jibu lilimtoka wakati mwenye salamu amekwisha kupinda kona. Dukani kwake maneno yote yalikuwa kazi ya dada yake. Dada alipokea wateja, dada alibishana nao, dada aliwachekesha. Yeye alikata vioo nyuma ya pazia, na wateja wengine waliamini kabisa kwamba vioo vinajikata vyenyewe.

Tangi hilo lilimshangaza, ila hakuuliza. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe wa kina cha kutosha kufukia sufuria, maji ya chumvi safi kama hewa, pampu iliyosukuma mkondo kutoka upande mmoja, taa nzuri, na wavu mwembamba uliofunika juu. Samaki, hakuna. Alidhani wamekufa na wenyewe bado wana majonzi, na kumuuliza mfiwa habari za marehemu si kazi ya fundi vioo.

Nyumba ilikuwa kimya. Mwenye nyumba, mzee mmoja mnene aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Kipaza, alikuwa ameitwa nje na jirani. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa amekwenda kununua uzi. Fundi akalitazama gazeti, gazeti likabaki kavu, na usingizi ukaanza kumnyemelea.

Hapo ndipo alipoona kitobo mchangani, kama kilichoachwa na ncha ya penseli. Kitoboni pakachungulia kichwa kidogo kama punje ya maharagwe, chenye macho makubwa ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kichwa kikapanda. Kikafuatwa na shingo, na shingo ikafuatwa na shingo nyingine, maana kiumbe chote kilikuwa shingo tupu, cheupe, chenye madoa meusi. Pembeni yake akachomoza wa pili, kisha nyuma huko wengine, mpaka mchanga ule uliokuwa mtupu ukawa umeota samaki kama bustani ya vitunguu. Wote walisimama wima, mikia yao imebaki mashimoni, wote wameukabili mkondo wa maji, vichwa vimepinda kama mpini wa mkongojo. Walikuwa wakiyumba taratibu. Fundi hakupepesa jicho.

Mlango ukafunguliwa. "Fundi, tone limekuja?"

Sauti hiyo ilipiga kabati, vikombe vikaitikia. Wale samaki walizama wote kwa pamoja, kama sindano zinazochomwa kwenye mto. Mchanga ukabaki mtupu, hata vitobo vikajifunika.

Fundi alinyoosha kidole kwenye mchanga. "Wametoka," alisema.

"Nani ametoka? Mama watoto? Nimempita getini anaingia."

"Samaki, mzee."

Mzee Kipaza akakaa chini. Hakukaa kitini, alikaa pale pale aliposimama, sakafuni, juu ya gazeti. Akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama wako hai kweli, kama wamenenepa, kama wana rangi nzuri, kama wanaonekana wana furaha. Fundi alijibu ndiyo kwa kila swali, ingawa la furaha hakuwa na hakika nalo. Kumbe mzee huyo, tangu siku aliyowamimina humo yeye mwenyewe, miezi imepita, hakuwa amewaona tena hata mara moja.

Ili mtu aelewe kwa nini, ni lazima amjue Mzee Kipaza.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata sokoni, alikofanya kazi maisha yake yote kama mnadi wa nguo za mtumba. Alipanda juu ya kreti la soda, akainua shati kwa mkono wa kushoto, akafungua kinywa, na waliokuwa wakinunua samaki upande wa pili wa soko walijua rangi ya shati hilo, idadi ya vifungo vyake na tabia ya mtu aliyekuwa akilivaa zamani. Wanadi wenzake walitumia vipaza sauti vya betri. Yeye betri zake zilikuwa kifuani. Inasemekana watoto wachanga wa wachuuzi walilala fofofo miguuni pake akiwa ananadi, na waliamka wakilia aliponyamaza kunywa maji.

Hata mke alimpata hivyo hivyo. Binti huyo alikuwa akipita sokoni kutafuta kitambaa cha kujifunzia kushona. Kipaza akamwona kutoka juu ya kreti, akaacha kunadi suruali, akalitangazia soko zima kwamba hapa amepita mke wake, na kama kuna mwanamume mwenye neno alitamke sasa. Yule binti alijificha nyuma ya marobota mpaka jioni. "Nilikubali ili anyamaze," mama huyo alipenda kusimulia huku akiweka uzi kwenye sindano, "na mpaka leo bado nangoja."

Kisha koo likagoma. Daktari alilichungulia kwa tochi, akasema limepasuka kama spika ya harusi, na kama mzee anataka kubaki na sauti ya kuombea hata maji ya kunywa, soko basi. Binti yao mkubwa, aliyekuwa na kazi nzuri, akamletea baba yake tangi la kioo, akamwambia afuge samaki, maana samaki ni viumbe visivyohitaji kusemeshwa. Ilikuwa fikra nzuri ya mtoto mwenye upendo, na kosa lake moja tu ni kwamba alimwachia baba achague samaki mwenyewe.

Mzee Kipaza alifika kwenye duka la samaki wa mapambo likiwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Akabaki barabarani, pua imebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Na kwa kuwa alikuwa nje, na kioo kilikuwa kinene, na hapakuwa na mtu wa kuongea naye, aliwaona. Kundi zima, wamesimama wima mchangani, nyuso zote zimeelekea upande mmoja, vichwa vimeinuliwa, wanayumba kidogo, wanangoja. Ndivyo wateja walivyosimama mbele ya kreti lake kila asubuhi. Alihisi mikono yake ikitafuta shati la kuinua.

Muuza duka aliporudi, alimweleza kwa utaratibu kwamba mikunga hawa wa mchangani ni waoga kuliko samaki wote. Wakisikia kishindo au kuona kitu kinatikisika, huzama mashimoni, na huenda wakashinda humo kutwa. Mzee Kipaza aliitikia kwa kichwa. Aliyachukulia kama maneno ya biashara. Yeye mwenyewe alikuwa ameuza makoti mengi kwa kusema ni adimu.

Basi mikunga wakafika nyumbani, wakamiminwa, wakazama, na hadithi ikaishia hapo. Kila siku aliwakaribia, akawasalimia kwa ile sauti ambayo daktari aliikataza, akagonga kioo kwa kidole kuwabembeleza. Aliwatilia vijidudu vya kuwalisha kwenye mkondo wa pampu, chakula kikatoweka, naye hakujua kama kimeliwa na samaki au kimemezwa na mashine. Mkewe alikuwa na jibu lake. Alisema anaiona pampu imenawiri sana.

Mama huyo hakuwa mchokozi, lakini alikuwa na madai ya haki. Tangi lilikuwa limekaa kwenye kona ya dirisha, penye mwanga bora nyumbani, mahali palipokuwa pa cherehani yake. Sasa alishonea kwenye korido, nyuma ya ukuta ule ule, chini ya balbu ya manjano iliyomfanya achanganye uzi mweusi na wa bluu. Wateja waliokuja kupimwa waliuliza lile tangi sebuleni ni la nini. "Mume wangu anafuga mchanga," aliwajibu bila kucheka. "Anaulisha asubuhi na jioni." Utani huo ulitoka nyumbani, ukazunguka mtaa, ukarudi na nyongeza. Wanawake waliokuja kuchukua magauni walianza kwa kuuliza: "Mama, mchanga haujambo?" Naye aliwajibu haujambo, jana ulikuwa na kikohozi kidogo.

Siku ile ya gazeti, alipoingia na uzi wake na kumkuta mumewe sakafuni ameshika mikono ya fundi, na kuelezwa kwamba samaki wameonekana, alimgeukia fundi, akamtazama kwa huruma. "Na wewe pia, baba?"

Fundi akainamisha kichwa. Ndipo mama akatoa hukumu. Shule zilikuwa zimebakiza wiki chache kufunguliwa, na msimu wa sare ndio uliolisha nyumba ile. Akasema yeye si katili. Msimu ukianza naye hajamwona samaki kwa macho yake mawili, si ya mtu mwingine, tangi linatoka, cherehani inarudi dirishani, na mchanga wapewe mafundi ujenzi.

"Sawa," alisema Mzee Kipaza, na kwa mara ya kwanza alijaribu kusema kwa sauti ndogo. Jirani alijibu "Sawa nini?" kutoka ng'ambo ya ukuta.

Haikupita siku nyingi dukani pakafika ujumbe kwamba tangi linavuja. Fundi alikwenda mbio, roho juu, maana silikoni yake haikuwa na tabia hiyo. Alikuta gazeti limelowa kweli. Aliinama, akaligusa, akalinusa. Maji ya bahari hayana harufu ya tangawizi, wala hayaachi majani ya chai karatasini. Aliinua macho, akamwona Mzee Kipaza ameficha kikombe nyuma ya mgongo.

Mtu mwingine angekasirika. Fundi aliona haya kwa niaba ya mzee, akavuta kigoda, akakaa kungoja tone.

Ukawa ndio mtindo. Tangi lilivuja mara kwa mara, siku nyingine chai, siku nyingine juisi, na fundi alikuja, akakaa, akanyamaza. Dada yake alimuuliza kama siku hizi amekuwa mlinzi wa tangi la watu. Alijibu kwamba pale anapumzika, na lilikuwa jibu la kweli. Katika maisha yake yote ilikuwa nyumba ya kwanza ambapo kutosema kwake kulihesabiwa kuwa ni kazi. Mikunga walimzoea. Alijua yupi hutoka mwanzo, yupi mwoga wa waoga, na wawili ambao kila siku walitishana kwa ajili ya kipande cha mchanga kisichotosha hata kuweka kikombe.

Mzee Kipaza naye alingoja kwenye korido. Walikubaliana kwamba mikunga wakitoka, fundi atainua kidole. Kidole kilipoinuka, mzee alivua ndala, akatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayevuka tope, na alipofika mlangoni magoti yake yakalia kama kuni zinazovunjwa. Wakazama. Safari nyingine alitambaa juu ya godoro lililotandikwa kuanzia chumbani; alifika karibu kabisa, hakutoa mlio, kisha akanong'ona: "Wako wapi?" Ule mnong'ono wa Mzee Kipaza, kwa mtu mwingine, ungetosha kuita teksi.

Halafu akajaribu dirishani. Akajikumbuka nje ya duka, kioo kinene, akaona ndiyo dawa. Akaweka stuli kwenye maua ya mkewe, akapanda, akachungulia kati ya mapazia. Jirani mmoja, askari magereza mstaafu, aliona makalio ya mtu yakining'inia kwenye dirisha la mwenzake mchana kweupe, akapiga yowe la mwizi. Mtaa ukajaa. Mzee Kipaza alijieleza kwamba ni yeye, anachungulia nyumbani kwake, anatafuta samaki wake. Alijieleza kwa sauti ya enzi zile za soko, na baada ya hapo mikunga hawakutoka hata kwa fundi kwa muda mrefu.

Maua hayakupona. Na mteja mmoja tayari alikuwa ameleta kitambaa cha sare.

Ndipo mama akasema maneno ambayo fundi hakuyatarajia. Alimwambia mumewe kwamba ahadi ni ahadi: alisema hajaona, lakini kweli hajawahi kukaa kutazama. Atakaa alasiri moja, cherehani yake ikiwa imezimwa, mkono wake ukiwa na kazi ndogo tu ya kutia vifungo. Akiona, ameona. Asipoona, jioni hiyo hiyo tangi linatoka. Fundi awepo kama shahidi, na mzee akae mbali na nyumba.

"Mbali wapi?" aliuliza mumewe.

"Ambako sitakusikia."

"Huko ni nchi nyingine, mama watoto."

Mwishowe alipelekwa kwa yule askari magereza, ambaye aliahidi kumzuia, na alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo.

Sebuleni walibaki wawili. Mama alikaa kwenye kiti cha mkono, shati mapajani, pini kati ya midomo yake kama washonaji wanavyozoea. Fundi alikaa kigodani. Pampu ilinguruma kidogo. Mama alitia kifungo, akatia kingine. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukimwangukia mikononi, na fundi alimwona akiupima ule mwanga kwa jicho, jinsi mtu anavyotazama chumba anachotaka kuhamia.

Kwa mara ya kwanza fundi aliwaogopea mikunga. Aliwasihi moyoni, mmoja mmoja.

Yule wa kwanza akachungulia. Akapanda. Wakafuata wengine, bila haraka, hadi bustani yote ikawa imesimama na kuyumba. Sindano ya mama ikasimama hewani. Alisogeza shingo polepole, akawatazama wale wawili wagomvi wakitishana, na mdomo wake ukajisahau, pini zikamdondokea mapajani moja baada ya nyingine. Hakuziokota. Alikaa hivyo muda mrefu sana, uso wake umekuwa wa msichana anayejificha nyuma ya marobota.

Halafu ndala zikasikika uani. Askari magereza alikuwa ameshindwa. Mchanga ukajifunga, na mlango ulipofunguliwa hapakuwa na kitu.

"Vipi?" aliuliza Mzee Kipaza.

Mama akaokota pini. Akazipanga kwenye kifuko chake, akakifunga, akalikunja shati. "Sijaona kitu," alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama mama, mama akatazama ukuta. Alimtazama mzee, akingoja ile sauti iangushe nyumba. Haikuja. Mzee Kipaza alifungua kinywa, hakikutoka kitu, akakifunga. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayekubali bei mbaya mwisho wa siku. Akainama, kwa shida, akaushika waya wa pampu ili auchomoe.

Kimya kile fundi alikijua. Ndicho alichoishi nacho yeye. Lakini kwa mzee yule hakikufaa, kama koti la mtu mwingine, na kumwona nalo kulimfanya asahau kuogopa.

"Amewaona!" alisema fundi. Haikuwa kusema, ilikuwa kelele. Vikombe vya kabatini viliitikia. "Mama amewaona wote! Pini zimemtoka mdomoni! Amewatazama mpaka akasahau kushona!"

Mzee Kipaza aligeuka na waya mkononi, akamkodolea macho kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Fundi mwenyewe aligeuka nyuma kuona nani aliyepiga kelele. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Mama akajifunika uso kwa shati la watu. Mabega yakaanza kumtikisika, na wanaume wale wawili walidhani analia, kumbe kicheko kimemshinda. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa ningefanyaje?" alisema alipopata pumzi. "Mtaa mzima unaniuliza hali ya mchanga. Niwaambie nini? Niwaambie mchanga una macho?"

"Mama watoto," mumewe alianza.

"Na ni wazuri," alisema, na hapo sauti yake ikabadilika. "Wazuri, Baba. Hukuniambia kama ni wazuri."

"Mimi ningejuaje? Sijawaona."

Jambo hilo, ambalo alikuwa amelisikia mara nyingi kama lawama, mama sasa alilisikia kama lilivyo. Akainuka, akamnyang'anya waya, akamketisha kwenye kiti cha mkono. Akatoa shingoni ile tepu yake ya kupimia, akaikunja vizuri, akampa.

"Ng'ata."

"Ning'ate?"

"Mimi nikiwa na mteja mwenye kiuno cha kubishaniwa, natia pini mdomoni ili nisiseme ninachofikiri. Wewe pini utazimeza. Ng'ata tepu, usitikisike, usipumue kama treni. Fundi, kaa mahali pako."

Mzee Kipaza aling'ata tepu. Wakakaa watatu, kimya, kama abiria.

Kesho yake fundi alikuwa na safari. Yeye na dada yake walikuwa wamepata kazi ya kuweka madirisha kwenye jengo refu katika mji mwingine, na hakuwa amewaaga wenye nyumba kwa sababu hakuna aliyemuuliza anaenda wapi. Kazi ikazaa kazi. Aliporudi, Mzee Kipaza alikuwa amekwisha kuzikwa. Alifariki usingizini, alasiri, kitini, na waliokuja kuhani walisema ndilo jambo pekee alilowahi kufanya kimyakimya. Tangi lilikuwa pale pale dirishani. Mama alikuwa bado anashonea kwenye korido. Alikuwa amewekewa taa nzuri. Alimkaribisha fundi kigodani, akamwambia mzee alikuwa akiwatazama kila siku na tepu yake mdomoni, mpaka tepu yenyewe ikawa na alama za meno kuanzia kiunoni hadi kifuani, na alikuwa akiuliza mara kwa mara lini tangi litavuja tena.

Kwa hiyo maneno ya mwisho ambayo Mzee Kipaza alimwambia fundi ni yale ya siku ile ya tepu.

Walikuwa wamengoja sana. Mwanga ulikuwa umeanza kulegea dirishani pale yule wa kwanza alipochungulia. Mzee hakutikisika. Wakapanda mmoja mmoja, wakamgeukia, kundi zima, vichwa juu, wakawa wanayumba mbele yake. Tepu ilitetemeka kati ya meno yake. Machozi yalimshuka mashavuni, naye hakuinua mkono kuyafuta. Mkewe, bila kugeuza kichwa, alimwekea kiganja juu ya goti.

Na fundi, ambaye siku hiyo ulimi wake ulikuwa umefunguka na hakujua namna ya kuufunga, alianza kuwatambulisha. Yule wa mbele, mzee, ndiye hutoka wa kwanza siku zote. Yule wa nyuma ni mwoga, lakini akishatoka hula kuliko wenzake. Hao wawili ni wagomvi, tazama, tazama sasa anavyomfungulia mwenzake mdomo. Alianza kwa mnong'ono, kisha furaha ikampandisha, akaongeza, akaonyesha kwa kidole, akacheka peke yake. Mkunga mmoja alishuka mpaka shingoni.

Mzee Kipaza akatoa tepu mdomoni, akamwegemea fundi, na kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu sokoni angeamini kwamba ni yake, akasema:

"Fundi, punguza sauti. Unawatisha."